Kifurushi cha kahawa cha mwezi: panga bei kwa mteja anayemaliza vyote

Mteja analipa mara moja, anakunywa mwezi mzima. Wazo ni jepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza wenye mikahawa: wanapanga bei wakimfikiria mteja wa wastani, ilhali wanaokimbilia kujiunga siku ya kwanza ni wale wanaokunywa kuliko wote. Kwa hiyo kabla ya kutundika bango, kaa na kikokotoo.

Anza na kikombe kimoja. Espreso ya dozi mbili hula takriban gramu 18 za kahawa. Kwa hesabu kavu kilo moja inatoa vikombe 55, lakini barista, yaani mtengenezaji wa kahawa, hupoteza kadhaa kila asubuhi akirekebisha usagaji, basi weka 50. Kapuchino inataka kama mililita 150 za maziwa. Ongeza sehemu ya kumi kwa yale yanayobaki kwenye jagi na kumwagwa. Kisha jumlisha kikombe cha karatasi, kifuniko, sukari, kijiti cha kukorogea, na makato ya malipo ya kadi au ya simu. Pango na mishahara usiviweke hapa, maana utavilipa hata mteja asipokuja.

Tuseme bei ya kikombe ni 100 na gharama hizo ni 30. Kila kikombe cha kawaida kinakuachia 70. Sasa unauza vikombe 20 kwa bei ya 14, yaani 1,400. Mteja akivimaliza, vimekugharimu 600 na umebaki na 800. Lakini kabla ya kujiunga alikuwa akinunua vingapi? Aliyekuwa akinunua 8 alikuachia 560, kwa hiyo umeongeza 240. Aliyekuwa akinunua 16 alikuachia 1,120. Huyo umempa zawadi ya 320 kila mwezi kwa jambo alilokuwa akilifanya bila kuombwa. Gawanya 800 kwa 70 uone mpaka ulipo: aliyekuwa akinunua 11 au pungufu anakuingizia, wa 12 na kuendelea anakutoa.

Wengi hujifariji kwamba vitafunwa vitafidia. Haya, yule wa 16 sasa anaongeza ziara nne tu, kutoka 16 hadi 20. Hata akinunua katika kila moja ya hizo nne kitafunwa kinachokuachia 40, hiyo ni 160, nusu tu ya pengo.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kupunguza ukarimu: uza 20 kwa bei ya 16 na mpaka unasogea hadi vikombe 14. Ya pili, ambayo ni bora kama asubuhi mna foleni, ni kukifunga kifurushi cha bei nafuu kwenye saa za upweke, mfano kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Wanaowahi kazini saa moja wataendelea kulipa bei kamili, na vikombe vya kifurushi vitanyweka wakati mashine ilikuwa imelala.

Kuhusu aina ya kifurushi, idadi maalumu ya vikombe ndani ya siku 30 ndiyo ya kuanza nayo. Andika siku 30, usiandike "mwezi", maana Februari italeta ubishi. Kikombe kimoja kila siku kinavutia kwenye bango, ila kinamfundisha mteja kwamba siku asipokuja amepoteza, naye atakuja hata saa ya msongamano, achukue, aondoke. Uanachama wa kulipia ada kisha kupata punguzo ndio salama kuliko yote kwa mkahawa mdogo, kwa sababu kila kikombe bado kinalipiwa. Vya "kunywa utakavyo" waachie wenye mifuko mirefu, na hata wao wamefikiri upya: kampuni ya mikahawa ya Pret A Manger ilianzisha Uingereza mwaka 2020 usajili wa hadi vinywaji vitano kwa siku, na mwaka 2024 ikaufuta, ikaleta mwingine wa ada ndogo na kahawa kwa nusu bei.

Masharti yaingie kwenye karatasi moja inayosomeka. Taja ukubwa wa kikombe, vinywaji vinavyohusika, na nyongeza inayolipiwa kando: dozi ya ziada, shira ya ladha, maziwa ya mimea. Taja vikombe vingapi kwa ziara moja. Bila hilo mtu atakuja Ijumaa na wenzake saba na kumaliza kifurushi kwa dakika kumi. Hilo si wizi, ila barista wako atasimama na oda nane wakati foleni inasubiri. Viwili kwa ziara vinatosha. Vinavyobaki siku ya 30, ruhusu hadi vitano vihamie mwezi unaofuata endapo mteja atalipia tena. Kuvifuta vyote kunakuletea maneno kaunta, na kuvihamisha bila kikomo kunajenga deni usiloliona. Mkifunga mkahawa siku mbili, ongeza siku mbili kwa kila mtu bila kungoja waombe.

Kumbukumbu ndipo mambo huharibika zaidi. Kwa wanachama chini ya 40 huhitaji programu yoyote. Tengeneza kadi ngumu yenye visanduku 20, jina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha zibaki dukani ndani ya boksi, zimepangwa kwa herufi. Mteja anataja jina, barista anachomoa kadi, anatoboa kisanduku mbele yake na kumwambia vilivyobaki: "Umebakiza saba." Kadi isiyotoka dukani haipotei, haiazimwi, haitolewi nakala. Kila jioni jumla ya matundu mapya lazima ilingane na vikombe vya kifurushi vilivyoandikwa kwenye mashine ya mauzo kwa bei ya sifuri. Zisipolingana siku tatu mfululizo, kuna kahawa inatolewa bila kutobolewa, na mara nyingi ni haraka ya asubuhi kuliko hila. Ukihamia kwenye msimbo wa kuskani simuni, chagua mfumo ambao msimbo hubadilika kila unapofunguliwa; usiobadilika hupigwa picha na kutumwa kwa ofisi nzima.

Pesa za kifurushi zikiingia bado si zako. Ni deni la kahawa. Ziweke kwenye akaunti ya pembeni, na kila wiki hamisha thamani ya vikombe vilivyonywewa tu: kwa mfano wetu wa 1,400, kila tundu ni 70. Mkahawa unaokula malipo ya wanachama 40 tarehe mosi utajikuta tarehe 20 unanunua maziwa kwa mkopo. Muulize mhasibu pia kama kodi ya mauzo inadaiwa siku ya malipo au siku ya kuhudumia, kwa sababu nchi hutofautiana.

Akiba ya kahawa na maziwa nayo ipangwe kwa kudhani kila mtu atamaliza. Wanachama 40 kwa vikombe 20 ni vikombe 800: kwa mgawo wa 50 kwa kilo ni kilo 16 za kahawa, na kama vyote ni kapuchino, lita 132 za maziwa. Usinunue vyote siku moja, kwani maziwa hayasubiri na kahawa iliyokaangwa huchuja ladha. Agiza kwa wiki, ukiangalia matundu ya wiki iliyopita.

Malipo yanayojirudia yenyewe, yaani kukata pesa bila mteja kulipa upya, ni matamu kwa mwenye duka. Tuma ujumbe siku tatu kabla ya kukata, na kujiondoa kuwe rahisi kama kujiunga. Kadi ya benki ikigoma, mhudumie siku mbili huku ukimkumbusha. Kumkatalia mteja mbele ya foleni kunagharimu kuliko vikombe viwili.

Fungua na watu 25 kwa siku 60, useme wazi kwamba ni majaribio na bei inaweza kubadilika kwa taarifa ya siku 30. Kila Jumatatu andika vikombe vilivyonywewa kwa kila kadi, waliovuka 18, waliolipia tena, na wastani wa vikombe walivyokuwa wakinunua awali. Hicho cha mwisho waulize siku ya kujiunga, kabla hujawatajia bei. Zaidi ya nusu wakiwa juu ya mpaka ulioukokotoa, funga usajili mpya, wamalizie waliokwisha kulipa, na urudi na bei nyingine.