Kuandaa Uwanja wa Shabaha Kwenye Shamba la Kibinafsi Nje ya Nairobi

Mkazi wa Nairobi aliye na cheti cha kumiliki silaha, na ambaye amejaliwa kununua shamba upande wa Kajiado, Machakos au Kiambu, huwa hakawii kutangaza kwamba sasa amepata mahali pake pa kufanyia mazoezi ya shabaha. Kauli hiyo ni ya haraka mno. Cheti humruhusu kuwa na silaha na hatimiliki humpa mamlaka juu ya ardhi, lakini viwili hivyo hata vikiwekwa pamoja havifanyi uwanja wa shabaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, imeipa Bodi ya Leseni za Silaha jukumu la kusajili, kusimamia na kudhibiti viwanja vya shabaha, na kwa hiyo anayeanza kufyatua risasi kondeni kwake kabla ya kupata idhini anajitafutia kesi, hata kama majirani wote ni marafiki zake. Tena uwanja huo ni wa mazoezi na mashindano tu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977.

Hata hivyo, nisingemshauri mtu aanze na makaratasi. Aanze na ardhi yenyewe, kwa sababu mashamba mengi hayafai, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kumlipa wakili na mpimaji.

Hesabu ya kwanza ni ya umbali. Risasi ya bastola ya milimita 9 ikifyatuliwa kuelekea juu kidogo inaweza kufika takriban kilomita 2, na ile ndogo ya .22, ambayo wengi huichukulia kama mchezo wa watoto, huvuka kilomita 1. Sasa chukua shamba la ekari 5, ambalo kwa wengi wetu ni shamba kubwa: likiwa mraba kamili, kila upande una mita 142 tu. Jiji letu nalo limekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na risasi huenda mbali kidogo kuliko ingeenda Mombasa. Risasi haijui bikoni za mpaka. Kinachotafutwa, basi, si eneo pana la kuichosha risasi, kwa maana hakuna ploti itakayotosha, bali umbo la ardhi litakaloizuia isitoke.

Ndiyo maana shamba lenye kilima au bonde lenye ukingo mrefu, ambalo mkulima hulidharau, lina thamani kubwa kwa shughuli hii kuliko uwanda uliolala kama meza. Ukichimba ubavu wa kilima, ardhi yenyewe inakuwa kinga ya nyuma na ya kando. Uchunguze pia upande wa pili wa kilima hicho, kwa miguu yako mwenyewe na si kwa picha za setilaiti pekee, na uifanye ziara hiyo zaidi ya mara moja. Katika nyanda za Kajiado, njia isiyo na hata unyayo mwezi wa Januari inaweza kuwa barabara kuu ya ng'ombe na wachungaji mvua zinapobadilisha malisho, na maeneo yaliyo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi bado hupitiwa na nyumbu, pundamilia na twiga. Waulize wazee wa hapo mifugo hupita wapi kiangazi na hupita wapi masika, kwani jibu lao halimo kwenye ramani yoyote.

Mwelekeo nao una kanuni yake hapa kwetu. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humwambia mjenzi aelekeze uwanja kaskazini ili jua liwe mgongoni. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, jua hupita kaskazini yetu sehemu moja ya mwaka na kusini yetu sehemu nyingine, likiwa juu sana saa za mchana, hivyo kaskazini na kusini zote zinafaa. Zisizofaa ni mashariki na magharibi, ambako mlengaji wa saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni atakuwa akilitazama jua badala ya shabaha.

Ardhi ikishapita mtihani huo, ndipo makaratasi yafuate, na hapa ningependa msomaji asubiri kwa subira badala ya kutafuta njia ya mkato. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha kubadilisha matumizi kutoka kwa serikali ya kaunti, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira iliyoundwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, itataka kujua athari za mradi kwa mazingira, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahusika moja kwa moja. Kisha ndipo bodi ya silaha. Mfikie chifu na majirani kabla ya tangazo lolote kubandikwa, ukiwa na mchoro mkononi, kwa sababu jirani aliyeelezwa kuhusu tuta la udongo la mita sita litakalozuia risasi huuliza maswali ya maana, ilhali aliyeshtuliwa na mlio wa kwanza Jumamosi asubuhi huenda moja kwa moja kituo cha polisi. Wakati vibali vinasubiriwa, tembelea uwanja uliopo tayari, kama ule wa Kirigiti, Kiambu, uone mambo yanavyoendeshwa.

Sasa tuje kwenye tuta la nyuma, ambalo ndilo uwanja wenyewe. Mengine yote ni mapambo. Kimo kinachopendekezwa mara nyingi ni mita 6. Tuchukue tuta la kimo hicho, lenye upana wa mita 1.5 juu, na pande zinazoteremka mita 1.5 kwa kila mita moja ya kimo, mteremko ambao udongo mwingi huweza kuushikilia bila kuporomoka. Kitako chake kitakuwa na upana wa mita 19.5, na kila mita moja ya urefu itameza mita za ujazo 63 za udongo. Uwanja mdogo wenye tuta la urefu wa mita 20 unataka mita za ujazo 1,260, na kwa kuwa udongo wa lori hupungua ukishindiliwa, ongeza robo, ufike 1,575. Lori linalobeba mita za ujazo 14 litakuja mara 113. Wanaopanga bajeti ya kibanda chenye viti vizuri kabla ya kuifanya hesabu hii huishia kuwa na kibanda kizuri mbele ya tuta la mita 2.

Udongo wa namna gani? Ule mweusi wa Athi River, Kitengela na Isinya, unaoitwa black cotton, ni rafiki mbaya: kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, masika huvimba na kuteleza. Ukiwa huna mwingine, ufanye kiini tu, kisha uso wa mbele ufunikwe kwa mchanga au udongo mwekundu uliochekechwa mawe, kwa unene wa angalau nusu mita. Mawe ndiyo adui mkubwa hapa, kwa kuwa risasi ikigonga jiwe hubadilisha mwelekeo na kurudi isikotarajiwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke matairi, magogo wala magari mabovu kuwa kinga ya nyuma. Shindilia kwa matabaka, na uoteshe nyasi juu na nyuma ili mvua isilishushe. Matuta ya kando yawe na kimo cha kutosha kumfunika mtu aliyesimama, na zaidi pale palipo na njia karibu.

Umbali wa kulengea uchaguliwe kulingana na silaha. Katika mashindano ya kimataifa bastola hutumia mita 25 na bunduki ndogo mita 50, vipimo vinavyotosha kwa uwanja wa kibinafsi. Weka mstari mmoja tu wa kufyatulia, wa saruji, usiohamishika. Shabaha zisogezwe, watu wasisogee. Shabaha za chuma kigumu zining'inizwe zikiinamia chini, na mwenye bastola asizikaribie chini ya mita 10. Kabla ya siku ya kwanza, lala kwenye mstari huo, kisha piga magoti, kisha simama, ukiitazama kila shabaha: nyuma yake uone udongo tu katika mikao yote mitatu. Ukiona anga, tuta ni fupi au shabaha imewekwa juu mno.

Uendeshaji hauna mengi. Msimamizi mmoja asiyefyatua, ambaye neno lake ni la mwisho; bendera nyekundu inayoonekana kutoka njiani wakati wote wa mazoezi; vibao vya onyo kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya mahali hapo; daftari la kila aliyeingia na silaha aliyotumia; miwani na vizibo vya masikio kwa kila mtu, watazamaji wakiwemo, maana mlio wa bunduki huvuka desibeli 140; na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye tonikiti, yaani ukanda wa kubana mkono au mguu ili kuzuia damu, pamoja na mtu anayejua kuifunga na gari lenye mafuta.

Kinachosahaulika zaidi ni madini ya risasi. Kiswahili kimeyapa madini na kitu kinachofyatuliwa jina moja, na ni haki, kwani kinachobaki tutani ni sumu ile ile inayodhuru ubongo wa mtoto. Katika udongo wenye asidi, kama ule mwekundu wa mashamba ya chai ya Limuru, madini haya huyeyuka kirahisi na kufuata maji. Pima pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo, uishikilie kati ya 6.5 na 8.5 kwa kutia chokaa, na usijenge karibu na mto, kisima au silanga ya kunyweshea mifugo. Mbuzi wasilishwe kwenye tuta. Watoto wasiokote maganda ya risasi. Wafyatuaji wanawe mikono kabla ya kula nyama choma, jambo ambalo huleta ubishi kila mara.

Kila mwaka au miwili, mwezi wa Februari udongo ukiwa mkavu, chimba uso wa mbele wa tuta, uuloweshe kidogo ili vumbi lisipande, na uuchekeche kwa wavu. Wafanyakazi wavae barakoa na glavu, na nguo zao zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Madini yatiwe kwenye mapipa yenye vifuniko yapelekwe kwa mwenye kibali cha kuyapokea, na udongo uliochekechwa urudishwe pale pale tutani, utiwe chokaa na kushindiliwa kabla ya mvua za Machi.