Kukimudu kitenzi "get" bila kukariri kamusi

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Kisumu, wengi wao wahudumu wa hoteli na madereva wa tuktuk, wakikiona "get" kwenye kamusi hutaka kukariri maana zote. Msijichoshe. Kitenzi hiki hutegemea kinachokifuata.

Hatua ya 1: Weka kidole kwenye neno lililo baada ya "get". Ni nomino, kivumishi, mahali au kitenzi?

Hatua ya 2: Ikiwa ni nomino, "pata" hutosha mara nyingi. "I got a job", nilipata kazi. Lakini "get me some water" ni niletee maji, na "I don't get it" ni sielewi.

Hatua ya 3: Ikiwa ni kivumishi, sahau "pata". Hapa wengi hukwama. "Get" na kivumishi huonyesha hali inabadilika, na Kiswahili tayari kina vitenzi vya kazi hiyo: "get wet" ni kulowa, "get tired" kuchoka, "get angry" kukasirika. Mvua ya alasiri ikikunyeshea sokoni Kibuye, umelowa: "I got wet". Sasa linganisha "In 2020 she was single" na "In 2020 she got married". Ya kwanza inaeleza alivyokuwa mwaka huo. Ya pili inasema ndio mwaka alioolewa. Ukiweza kuuliza "ilianza lini?", "get" ndicho unachotaka.

Hatua ya 4: Ikiwa ni kitenzi kama "paid" au "robbed", ni kutendwa: kulipwa, kuibiwa. Ni lugha ya maongezi. Kwenye barua ya kuomba kazi andika "I was paid".

Hatua ya 5: Mahali, ni kufika. "We got to Ahero at noon." Ila "home", "here" na "there" hazitaki "to". "I got to home" naisikia kila wiki, na kila wiki naifuta ubaoni.

Hatua ya 6: Angalia nani alifanya kazi. "I repaired my phone" maana yake wewe ndiye fundi. "I got my phone repaired", ulimpelekea fundi. Ukimtaja fundi mwenyewe, "to" isidondoke: "I got him to repair it", yaani ulimwomba au ulimshawishi, akakubali.

Hatua ya 7: Vyombo vya usafiri. Bodaboda, basi na treni ni "get on" na "get off". Gari dogo ni "get in" na "get out of", na tuktuk naiweka hapo pia, maana unaingia ndani. "Alight" (kushuka) ya kwenye matatu si kosa, ni rasmi tu.

Na "gotten" ya sinema za Marekani? Kwao ni sahihi. Shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got".