Namna ya Kuandaa Wasifu wa Mwigizaji wa Kusomwa Kabla ya Filamu: Mfano wa Vittorio Gassman

Mwenye kuonyesha filamu ya Kitaliano mbele ya watu wa Unguja, iwe ndani ya Ngome Kongwe au katika ukumbi wa skuli, hana budi kuwaeleza kwanza ni nani watakayemtazama, kwani wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Mara ya kwanza nilipopewa kazi hiyo nilisoma filamu zote za mwigizaji mmoja, mwaka baada ya mwaka, na nilipoinua macho safu mbili za nyuma zilikuwa tupu. Nilihuzunika, kwa sababu yule mtu alistahiki kusikilizwa. Tangu hapo wasifu wangu hauzidi dakika kumi.

Tarehe ziwekwe mwanzoni, zote mbili pamoja, ili zisikusumbue tena: Gassman alizaliwa Genoa tarehe 1 Septemba 1922, baba yake akiwa mhandisi Mjerumani na mama yake Mtaliano wa asili ya Kiyahudi, akafariki Roma tarehe 29 Juni 2000.

Baada ya hapo tafuta jambo moja linalopita katika maisha yake yote, ulifuate hilo. Kwa Gassman jambo hilo ni sauti. Alisomea uigizaji katika chuo cha taifa cha sanaa za maonyesho kule Roma, na umaarufu wake wa mwanzo ulitokana na jukwaa, ambako mtu wa safu ya mwisho hauoni uso wa mwigizaji vizuri lakini ana haki ya kulisikia kila neno. Hapa ndipo waandishi wengi wanapokosea: kwa kuwa filamu zimebaki na maonyesho ya jukwaani yamepita na watazamaji wake, wanayataja maonyesho hayo kwa sentensi moja. Nakusihi uyape nafasi kubwa zaidi. Waeleze wasikilizaji kwamba katika miaka ya 1950 Gassman na mwenzake Salvo Randone walicheza Othello, tamthilia ya Shakespeare, wakibadilishana nafasi, leo mmoja ni Othello na mwengine ni Iago, kesho kinyume chake. Kisha nyamaza kidogo, uwaache wafikirie maana ya kuyahifadhi maneno ya Othello mdanganywa na ya Iago mdanganyifu katika kifua kimoja. Mwaka 1960 aliunda kikundi chake, Teatro Popolare Italiano, kwa nia ya kuwapelekea tamthilia kubwa watu wa kawaida.

Ukifika kwenye sinema, chagua filamu chache. Ya kwanza iwe I soliti ignoti ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Mario Monicelli, kwani humo mwenye sauti ile kubwa amefanywa bondia mwenye kigugumizi, na uso wake umebadilishwa kwa vipodozi hata paji likaonekana fupi. Ndiyo iliyomfungulia mlango wa vichekesho. Katika Profumo di donna ya mwaka 1974 amekuwa kapteni kipofu, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes mwaka 1975. Kisha watajie kwamba yeye ndiye aliyemwekea Mufasa, yule simba mfalme wa filamu ya katuni The Lion King, sauti ya Kitaliano mwaka 1994. Jina hilo hata watoto wanalijua, na utaona namna ukumbi unavyochangamka.

Majina ya Kitaliano yanahitaji mazoezi. Kiwengwa wapo vijana wanaozungumza Kitaliano na wageni tangu asubuhi hadi usiku. Mwombe mmoja wao akusomee, nawe uandike kwa herufi zetu kama unavyosikia. Ignoti utaliandika "inyoti". Katika soliti mkazo uko kwenye "so", ingawa ulimi wetu utataka kuupeleka kwenye "li", kwa hiyo pigia mstari silabi hiyo.

Kibali cha maonyesho kiombwe mapema, na muda upangwe baada ya sala ya Isha. Maandishi yanayopita chini ya picha mara nyingi huwa ya Kiingereza, na wazee wengi hawayafuati, kwa hiyo dakika mbili za mwisho uzitumie kuusimulia mwanzo wa filamu yenyewe. Kwa Il sorpasso ya Dino Risi, ya mwaka 1962, mimi husema hivi: ni tarehe 15 Agosti, sikukuu kubwa kwa Wataliano, na mitaa ya Roma ni mitupu kama Darajani wakati watu wako kwenye sala ya Idd, gari moja linazunguka, na dereva wake anatafuta simu na sigara. Nikifika hapo nafunga karatasi, nampa ishara aliyeko kwenye swichi, na taa zinazimwa.