Samaki wa Nyumbani Wanapobadilika Tabia: Jinsi ya Kutambua Kasoro ya Maji na Maradhi

Samaki wa mapambo anapoanza kuhema juu ya maji, kujificha pembeni au kujisugua kwenye mawe, watu wengi hukimbilia dawa. Ningependa msomaji wa Malindi au Lamu aiache dawa kabatini kwanza, kwa kuwa matatizo mengi ya tangi la kioo hutokana na maji yenyewe, na dawa inayomiminwa kwenye maji mabovu huwaongezea samaki mzigo. Keti mbele ya tangi dakika kumi bila kutia mkono ndani, kisha ujiulize mambo matatu: wameathirika wote au mmoja tu, hali inazidi saa ngapi, na ni kitu gani kilichobadilika nyumbani katika siku mbili zilizopita. Wakiugua wote kwa pamoja, shuku maji. Akiugua mmoja na wenzake wakawa wanakula na kuogelea kama kawaida, shuku maradhi, uzee au uonevu wa samaki mwingine.

Dalili inayoonekana mara nyingi katika mwambao wetu ni samaki kukaa juu na kuvuta hewa kwa mdomo. Maji yenye nyuzijoto 25 yanaweza kushika takribani miligramu 8.3 za oksijeni katika kila lita, ilhali yenye nyuzi 30 hushika takribani 7.6 tu, na wakati huohuo joto humfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Kwa hiyo msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, tangi lililokuwa na samaki wa kiasi mwezi Julai huweza kuwa limejaa kupita uwezo wake ingawa hakuna samaki aliyeongezwa. Ikiwa wanahema alfajiri na kutulia kufikia saa nne asubuhi, na tangi lina mimea, sababu inaelekea kuwa upungufu wa oksijeni, kwa kuwa usiku mimea nayo huitumia badala ya kuitoa. Ongeza pampu ya hewa, au inua mdomo wa chujio ili maji yavurugike juu, punguza chakula, na uondoe tangi karibu na dirisha linalopigwa na jua. Samaki aina ya beta na gurami wasikutie hofu wakipanda kuvuta hewa mara mojamoja, kwani wana kiungo maalumu cha kupumulia hewa ya juu na hayo ndiyo maumbile yao.

Wakihema mchana kutwa ijapokuwa mapovu ya pampu ni mengi, jambo la kupima ni amonia na nitriti. Amonia hutokana na kinyesi cha samaki, pumzi zao na mabaki ya chakula. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa ikiwa kiasi chake ni kidogo. Katika tangi jipya bakteria hao huchukua kati ya wiki nne na sita kuzaana vya kutosha, na ndiyo maana samaki walionunuliwa siku moja na tangi hufa sana katika kipindi hicho. Amonia huyafanya matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia majini, yawe mekundu kama yaliyoungua. Nitriti huharibu uwezo wa damu wa kubeba oksijeni, na matamvua huelekea rangi ya kahawia. Katika tangi lililokomaa vipimo vyote viwili vinapaswa kuwa sifuri, na nitreti ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita.

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa pwani zaidi ya wengine. Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji: katika nyuzi 25, sehemu yake iliyo sumu huwa karibu mara kumi zaidi pH ikiwa 8 kuliko ikiwa 7. Maji yanayopita kwenye mawe ya matumbawe na chokaa huwa na pH ya juu, na visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe hayohayo. Kwa hiyo kiasi kidogo cha amonia ambacho mfugaji wa bara angekivumilia kwa siku chache, hapa ni dharura. Ukipamba tangi la maji matamu kwa makombe na vipande vya matumbawe, unaipandisha pH zaidi. Na kuviokota ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, ni kosa kisheria. Katika nyumba za kale za Lamu kumekuwa na desturi njema ya kuweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, lakini birika lililopigwa chokaa mpya lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutia samaki, maana chokaa mbichi huunguza.

Amonia au nitriti ikionekana, badilisha robo hadi theluthi ya maji siku hiyohiyo, simamisha chakula kwa siku moja au mbili, na urudie kupima kesho yake. Sifongo la chujio lisioshwe kwa maji ya mfereji, bali lisuguliwe taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wasife. Kwa nitriti, gramu moja ya chumvi isiyo na viungo kwa kila lita huwakinga samaki wengi wakati unaendelea kubadilisha maji.

Maji unayoyatia nayo yana habari yake. Malindi hupata maji ya mfereji kutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, na maji ya mfereji hutiwa klorini. Samaki wakianza kurukaruka na kukimbia huku na huku muda mfupi baada ya kubadilishiwa maji, klorini ndiyo mshukiwa wa kwanza. Tumia dawa ya kuiondoa, au uyaache maji siku nzima katika ndoo iliyo wazi yenye mapovu ya hewa. Mshukiwa wa pili ni joto: tangi jeusi la juu ya paa huweza kuwa na maji ya moto sana adhuhuri, basi chota asubuhi na uyapime kwa mkono na kipimajoto. Lamu hutegemea maji ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela pamoja na visima vya mjini, ambavyo vingi vina chumvichumvi. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki tangini, kwa hiyo kujazia kisima juu ya kisima kila wiki bila kutoa ya zamani huyafanya yazidi kukolea. Jazia pengo hilo kwa maji ya mvua yaliyokusanywa safi. Gapi na moli hustahimili vizuri maji magumu, yaani yenye madini mengi, lakini samaki waliozoea maji laini, kama neoni, watadhoofika polepole, na siwashauri watu kuwanunua huku.

Vipimo vikiwa sawa na samaki wakaendelea kujisugua, tafuta vimelea. Madoa meupe mfano wa chembe za chumvi kwenye mapezi ni ugonjwa unaotibika, lakini dawa huua vimelea vinapoogelea majini tu, si vilivyo chini ya ngozi. Hivyo endelea na tiba siku kadhaa baada ya doa la mwisho kutoweka. Samaki mmoja mwenye mapezi yaliyoraruka, anayefukuzwa kila anapotoka mafichoni, hana ugonjwa: mtenganishe na mwonezi wake. Aliyevimba tumbo huku magamba yamesimama ana uwezekano mdogo wa kupona, naye atengwe mapema.

Vifo vya ghafla vya tangi zima vina sababu chache. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, chujio lililofungwa huoza ndani, basi lisafishe kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha tena. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja majini. Kabla ya kupuliza chumba, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, na usilifunue tangi wala kuiwasha pampu mpaka madirisha yamekaa wazi na harufu imekwisha. Na ikiwa samaki ni wengi, puliza vyumba vingine tu, na katika chumba chenye tangi utumie chandarua.