Somo: Kupanga mfululizo wa filamu kuhusu Kabalega na Kakungulu

Ndugu wanachama, anzeni na tarehe moja: 9 Aprili 1899. Siku hiyo Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, alikamatwa Lango, kaskazini mwa Uganda ya leo, pamoja na Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Kabalega alipigwa risasi mkononi. Miongoni mwa viongozi wa Waganda waliomsaka, wakiwa upande wa Waingereza, alikuwamo Semei Kakungulu. Andikeni tukio hilo kwanza, kisha mrudi nyuma.

Hatua ya pili, pangeni umri. Kabalega alizaliwa karibu 1853, Kakungulu karibu 1869. Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na Misri, alipopigana na Kabalega pale Masindi mwaka 1872, Kakungulu alikuwa bado mtoto mdogo. Msilazimishe wakutane mapema. Sehemu ya kwanza iwe ya Kabalega na abarusura, askari wake wa kudumu, na pembe za ndovu zilizonunua bunduki. Ya pili iwe ya kijana wa Kooki anayepanda cheo Buganda katika vita vya dini.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi: kila mmoja ana anachokitaka. Kabalega anataka Bunyoro irudishe nchi yake yote, Toro ikiwamo. Kakungulu anataka awe mfalme wa Bukedi, nchi iliyo mashariki mwa Buganda. Waingereza walimwacha aiteke nchi hiyo, kisha wakamnyima ufalme. Mkikomea 1899 mtamwonyesha Kakungulu kama mshindi, na huo si ukweli wa maisha yake. Endeleeni hadi Kabalega anapelekwa Ushelisheli, anaruhusiwa kurudi, anafia Jinja mwaka 1923 kabla ya kufika kwao. Endeleeni na Kakungulu aliyeanzisha mji wa Mbale, akaingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919, akafariki 1928.

Bajeti: vita viwili vikubwa vinatosha. Vingine viletwe na tarishi anayeingia ikulu akihema.

MASWALI

Mwanachama, Masindi: Mwalimu, wazungumze lugha gani?
Jibu: Kinyoro kwa Kabalega, Luganda kwa Kakungulu, na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Kiswahili chenyewe kisikike kwa wafanyabiashara wa pwani waliofika Bunyoro.

Mwanachama, Mbale: Huku kwetu Kakungulu ana heshima yake. Mtamfanya adui?
Jibu: Hapana, dada yangu. Lakini Mnyoro anayemlilia mfalme wake naye asikike. Muswada usomwe na wazee wa Hoima na wa Mbale kabla hatujawasha kamera, na wakipinga jambo, tukae nao tulijadili.

Mwanachama, Kampala: Bunduki je?
Jibu: Seremala atachonga za mbao, na moshi utafanya kazi iliyobaki. Ila polisi wapewe taarifa kwa maandishi kabla hamjazibeba barabarani. Mikuki na mavazi ya magome ya mtuba tafuteni mapema, kwa maana gome zuri huchukua muda kutengenezwa.

Mwanachama, Hoima: Tupige picha makaburini Mparo?
Jibu: Kabalega amezikwa pale. Ombeni ruhusa ya ufalme kwanza; wakikataa, onyesheni ngome ya Katasiha.