Kivuli cha ua: kuchora pambizo kama mafundi wa Ghent na Bruges

Mafundi hao, wa miji miwili ya Ubelgiji ya leo, walipamba pambizo za vitabu vilivyoandikwa kwa mkono; walichora juu ya ngozi ya ndama, kwa dhahabu ya unga. Mimi hapa Jinja natumia karatasi nzito na rangi ya manjano iliyokolea, niliyoichanganya na gundi ya mgunga kutoka Karamoja. Paka pambizo lote, liache likauke usiku kucha.

Kisha tawanya maua, stroberi, hata nzi mmoja, kana kwamba vimedondoka ukurasani. Ndiyo mtindo wao wa kuanzia miaka ya 1470. Kwenye kivuli usiharakishe. Mwanga ukitoka kushoto, chovya brashi nyembamba kwenye hudhurungi iliyozimuliwa kwa maji, uipitishe kulia mwa kila bua, taratibu. Hapo ndipo ua huinuka. Mama alipomwona nzi wangu, alimfukuza kwa leso.