Maji kwanza, kisha sauna
Nchini Ufini, ambako utamaduni wa sauna, yaani kukaa katika chumba chenye joto kali ili kutoa jasho, uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2020, chumba hupashwa joto hadi nyuzi 80 au hata 100 za Selsiasi, na watu hukaa humo ili kupumzisha mwili na akili. Wapo wanaodai kwamba jasho la sauna huondoa sumu mwilini, lakini jasho hilo ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, na figo hudhoofika mwili unapokaukiwa maji. Kwa hiyo nakusihi unywe maji kabla na baada, ukae dakika 10 hadi 15 tu, wala usiingie ukiwa umekunywa pombe. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Kizunguzungu kikianza, toka mara moja.